Kiti Kilichokataa Kukauka

Maji ya mafuriko yalipopungua mtaani Buterere, Adija alikuta kiti cha mbao kimekwama kwenye matope ya ua wake, mguu umevunjika, egemeo limeng'oka.

Mumewe, Twalibu, hakukipenda. "Mama Houda, achana nacho. Hatujue ni cha nani."

"Mwenyewe akikuya, nitamupa."

Adija alikuwa binti wa seremala. Mkono wake haukuogopa mbao. Alikiosha, akakianika, akaunga mguu kwa gundi na kuukaza kwa mpira wa baiskeli mpaka ukashika. Akarudisha egemeo, akapiga msasa, akapaka vanishi. Kiti kikang'aa.

Kulipokucha, kikalio kilikuwa kimelowa, na mvua haikunyesha. Akafuta, akakitoa juani. Adhuhuri, jua likipasua vichwa, kilikuwa kinatona tena. Juu ya vanishi palikuwa na alama pana, kama ya mtu aliyekaa na nguo mbichi akainuka sasa hivi. Maji yalinuka tope.

"Audhubillahi," Twalibu akanong'ona.

Wakiwa wamesimama hapo, mwanamke aliyekuwa anapita njiani akasita. Aliitwa Jovithe, akikaa upande wa pili wa mashamba ya mpunga.

"Kiti hicho ni cha mama yangu," alisema. "Maji yalipoingia, alikataa kutoka. Alibaki amekikalia. Mpaka leo hatujamuona."

Adija akamweleza yote. Jovithe hakushangaa. Alipiga magoti mbele ya kiti. "Mama, tuende nyumbani."

Alipotaka kukiinua, hakikutikisika. Kiti ambacho Adija alikuwa akikibeba kwa mkono mmoja sasa kilikuwa na uzito wa mtu. Wakakishika wawili, mishipa ikiwatoka shingoni, wakafuata tuta la mpunga. Walipofika kwenye matete kando ya mtaro, uzito ukawatoka ghafla, nusura waanguke. Kikalio kilikuwa kikavu.

Jovithe alitazama matete, kisha akapaza sauti kuwaita wanaume waliokuwa wakilima. Majembe hayakwenda chini sana. Kitenge kilichotokea, Jovithe alikitambua kabla hakijasafishwa.

Walimzika kesho yake. Baada ya mchungaji kuomba, Jovithe alimsogezea Adija kiti. "Chukua, dada. We ulimupa pahali pa kupumzika."

Adija akatikisa kichwa, machozi yakimtoka. Wakakiacha kando ya kaburi, na katika watu wote waliochoka kusimama, hakuna aliyekikalia.