Magauni Mawili ya Melimeli

Mimi ndiye niliyeyashona yale magauni mawili, kwa hiyo asije mtu kuniambia sikujua.

Mwaka ule wa 1811, hapa Bath, Bibi Penhallow ninayemtumikia alinunua jora la melimeli nyeupe, nyepesi hata unauona mkono wako upande wa pili. Akaniamuru nimshonee Dorcas, yatima wa kaka yake, gauni la dansi aliyokuwa akiiandaa humu nyumbani: mikono mifupi, kifua wazi, mkanda juu kabisa, chini tu ya matiti, na masuke ya ngano yaliyotariziwa upindoni. Luteni Wray alikuwa akimtupia macho Dorcas tangu Pasaka, na dansi hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla hajarudi melini. Asipomposa, Jumatatu Dorcas angepelekwa kaskazini kumuuguza bikizee mmoja wa ukoo, na huko ndiko angezeekea.

"Shangazi, sijui nikushukuru vipi," Dorcas alisema, machozi yakimlengalenga.

"Vaa tu, mwanangu. Upendeze."

Kikulacho ki nguoni mwako. Alipotoka, Bibi akanigeukia.

"Keziah, kitambaa kimebaki?"

"Kimebaki, Bibi."

"Basi jishonee na wewe. Vilevile, hata suke moja usipunguze. Siku ya dansi utasimama mlangoni upokee mashali."

Nilielewa papo hapo. Kwetu, bibi akilichoka gauni humpa mtumishi wake. Binti wa nyumba akionekana amevaa sare na mtumishi, watu hawaulizi mara mbili: humhesabu naye mtumishi. Na Lavinia, binti wa Bibi mwenyewe, alikuwa na miaka ishirini na sita na hajaposwa. Ningeweza kumwonya Dorcas. Lakini sikuwahi kuvaa melimeli maishani mwangu, na niliitaka.

Jioni ya dansi, mama yake Luteni aliingia akiwa na mwanawe, akanipa shali, akanikagua kuanzia kifuani hadi upindoni. Ndipo Dorcas akashuka. Aliponiona alisimama katikati ya ngazi.

"Ehe," mama yule alimuuliza mwanawe, bila kushusha sauti. "Kati ya hawa, mchumba wako yupi?"

Watu wakacheka.

"Dorcas wetu hana makuu," Bibi Penhallow akasema kwa upole. "Hata cha Keziah akipewa, anavaa."

Uso wa Luteni ukaiva kwa haya. Akampa Lavinia mkono, wakaingia kucheza. Dorcas alikaa kando ya ukuta mpaka mishumaa ikabadilishwa, na hakuna aliyemwomba hata dansi moja. Mimi mlangoni nilikuwa natabasamu. Bwana mmoja alinidhani mgeni, akaniinamia, nami nikafurahi. Naona haya kulisema, lakini nilifurahi.

Jumatatu, gari la farasi likimsubiri, Dorcas aliniwekea gauni lake mikononi, limekunjwa vizuri.

"Chukua, Keziah. Sasa unayo mawili."

Heri angenitukana.

Gari halijafika kona, Bibi akaniita.

"Lete yote mawili. Melimeli si ya watumishi. Yapasue, yatafaa kufutia vioo."

Niliyapasua kwa mkasi uleule niliokatia. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi nafuta dirisha la mbele, linalotazama barabara ya kaskazini. Masuke ya ngano bado yanaonekana kwenye tambara.