Rolande, Nani Mwingine

Kengele ya chini ililia Jumapili saa saba kasorobo, misa imekwisha na sombe, mboga ya majani ya muhogo, imeiva. Mathilde akanyanyua simu ya mlangoni na kuuliza swali lake la kila Jumapili, ingawa jibu alilijua kama anavyolijua jina lake.

"Ni nani?"

"Rolande, nani mwingine?"

Akabonyeza kitufe. Lifti ya jengo lile la Berchem-Sainte-Agathe, Brussels, ina uzee wake. Ilipanda ghorofa sita kwa kusitasita, na binti akaingia akicheka, shavu moja la baridi likagusa shavu la mama. Hata koti hakulivua. Aliweka simu yake katikati ya sahani mbili na kuigeuza ili mama aone.

Kwenye picha kulikuwa na kitanda kipana chenye shuka nyeupe, mito miwili na taa ndogo. Nyuma ya kitanda hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mwamba mtupu wenye madoa ya unyevu, uliopinda mpaka juu na kukifunika kitanda chote.

"Maman, angalia. Ni hoteli ya mu pango, kule Italie, muji wa zamani sana. Batu balikuwaka banaishi ndani ya mawe, hata mbele ya Yesu. Tunaenda siku ya anniversaire yangu, wewe na miye. Trente ans, maman! Nimeisha réserver, usiseme non."

Mathilde alikuwa akimimina chai. Ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kutambaa juu ya kitambaa cha meza kabla hajakumbuka kuinua birika.

"Ni muzuri," alisema.

Hakuna faida ya kumficha msomaji kile ambacho mama huyu alimficha mwanawe miaka yote. Rolande hakuwa akitimiza miaka thelathini. Aliyekuwa akiitimiza ni Rolande mwingine, na huyo hakufikisha hata miwili.

Rolande wa kwanza alizaliwa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe tisa Machi mwaka tisini na tano, mtoto mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Vita vilipofika mwaka uliofuata, Mathilde na mumewe Patient walipanda milimani wakajificha pangoni siku kumi na moja, pamoja na majirani na mbuzi wa majirani. Siku ya nane homa ikamchukua mtoto. Kutoka nje kumzika kulikuwa ni kujitakia kifo, kwa hiyo Patient alichimba kwa kifuniko cha sufuria kwenye kona ya nyuma, mkono wa kushoto, ambako mwamba ulikuwa umebakiza udongo kidogo. Wakalala kando ya kona hiyo siku tatu zilizosalia.

Walipovuka ziwa na kufika kambini Tanzania, karani aliuliza mko wangapi. Patient akanyanyua vidole vitatu. Hakuwa amepanga kudanganya mtu, vidole vilijinyanyua vyenyewe kwa mazoea ya baba wa mtoto mmoja. Karani akaandika, na kilichoandikwa kikawa kigumu kufutika. Walipewa chakula cha watu watatu, na siku za kuhesabiwa wakaazima mtoto wa jirani. Alipozaliwa msichana mwingine mwaka tisini na nane, Patient alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Jina liko, karatasi iko. Kilichokosekana ni mutoto tu." Mathilde alikuwa bado amelala chini kwenye mkeka, hana nguvu ya kubisha. Baadaye nguvu zilirudi, na bado hakubisha.

Kadi hiyo ya ukimbizi, yenye watu watatu, ndiyo iliyowaleta Brussels. Mtoto aliingia ofisi ya mahojiano akiwa na miaka mitano, na karatasi yake ina minane. Afisa akashangaa mbona mdogo hivyo. "Ni njala ya kambi," Patient akajibu, wote wawili wakala yamini, na tangu siku ile ukweli ukawa kitu cha kuwapotezea makazi. Miaka miwili iliyopita, akiwa hoi hospitalini, Patient alimshika mkewe kifundo cha mkono na kumwambia maneno mawili tu: "Usiseme kamwe." Akafa kabla hajaachia.

Aliyebeba mzigo ni msichana. Shuleni walimrudisha madarasa mawili nyuma ya umri wa karatasi, na bado alikuwa mdogo kuliko wote, wa mwisho kusoma, wa kwanza kulia. Mathilde aliitwa, akakaa kwenye kiti kifupi cha watoto, mkoba magotini, akaambiwa binti yake ana retard, yaani akili yake imechelewa. Kulikuwa na majaribio ya picha na vibao, na mama mmoja mwenye miwani wa kumfundisha kutamka. Kila mara Mathilde aliitikia kwa kichwa. Katika chumba kile ni yeye peke yake aliyejua kwamba mtoto yule alikuwa mbele ya umri wake, na alinyamaza. Rolande alilijua neno retard kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Sasa alifanya kazi ya kupokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno huko Etterbeek. Mtihani wa uuguzi alikuwa ameanguka mara mbili. Mpenzi wake Junior, aliyekaa naye miaka minne, aliondoka akisema kwamba kuishi naye ni kama kulea mdogo wake.

Walifika Matera, mji ule wa Italia, tarehe tisa Machi, jua la mchana likiwa limeukamata mji wote wa mawe. Nyumba zilikaa juu ya nyumba, na milango ilikuwa imechongwa mwambani, mamia kwa mamia, myeusi. Rolande alipiga picha kila hatua tatu. Mathilde alitazama chini, akasema ni kwa sababu ya ngazi.

Hotelini walipokewa na mzee mmoja mrefu aliyezungumza Kifaransa cha taratibu. Alichukua pasipoti zao, akaziandika, kisha akawapeleka chumbani mwenyewe na kuwapa historia kama anayewapa kitu cha familia. Bibi yake aliishi katika chumba kama hiki, watu kumi na mmoja, nyumbu nyuma, kuku chini ya kitanda. Miaka ya hamsini serikali iliona aibu, ikawahamisha wote. Leo watu hungoja miezi kupata nafasi ya kulala humu. Akaonyesha ndoano ya chuma iliyopigiliwa mwambani, juu kabisa ya kitanda.

"Hapo walitundika susu ya mtoto," alisema, "ili wanyama na unyevu visimfikie. Wengi walikufa hata hivyo."

"Incroyable," Rolande akasema, akapiga picha ndoano.

Mzee alipoondoka, harufu ilibaki. Ni harufu ya jiwe lisiloota jua, na Mathilde alikuwa ameisahau kwa bidii kubwa. Miguu yake ilimpeleka nyuma ya chumba, mkono wa kushoto, bila kumwomba ruhusa. Kwenye kona hoteli ilikuwa imeweka taa sakafuni na chungu cha maua makavu. Alisimama mbele ya maua hayo na mkoba wake mkononi. Hakuweza kuuweka chini.

Rolande alikuwa amevua viatu na kujilaza chali kitandani, chini ya ndoano.

"Maman, nikuambie kitu? Usikasirike."

"Sema."

"Trente ans, na siko na kitu. Sephora, Ornella, wote tulisoma nabo, beko na bana, beko na manyumba. Miye kila kitu nachelewa. Nilichelewa kusoma, nilichelewa kuongea, sasa examen inanishinda. Donc ni kichwa yangu. Sema tu, maman, nimeisha kuwa mukubwa. Nilizaliwaka hivi?"

Alilisema bila machozi, kama mtu anayeuliza saa ya treni, na hilo ndilo lililomvunja mama. Kama angelia, Mathilde angembembeleza na mambo yakaisha, kama yalivyoisha mara nyingi.

"Haukuchelewa," alisema.

"Maman, s'il te plaît."

"Haukuchelewa hata siku moja. Hauna trente. Uko na vingt-sept, ishirini na saba. Karibu."

Akaeleza akiwa amesimama, mgongo kwenye kona. Pango, homa, kifuniko cha sufuria, vidole vitatu. Alishangaa yote yalivyokuwa mafupi. Alidhani jambo alilolibeba karibu miaka thelathini lingehitaji siku nzima kulitua, kumbe lilikwisha kabla maji ya chai hayajachemka.

Rolande aliketi. Cha kwanza kuonekana usoni mwake kilikuwa furaha, na Mathilde angetoa chochote furaha ile ibaki. Midomo ya binti ilikuwa ikihesabu.

"Donc nilikuwa na cinq ans," alisema polepole. "Pamoja na batoto ba sita, ba saba. Na nikajua kusoma, hata kama nilikuwa wa mwisho. Maman, nilikuwa intelligente!"

"Ulikuwa na akili sana, mwanangu. Sana."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Furaha ikasimama pale pale. Rolande aligeuka kutazama kona, kisha akamtazama mama.

"Ule mutoto alikuwa anaitwa nani?"

"Rolande."

"Na miye?"

Mathilde aliuhamisha mkoba mkono wa pili.

"Miye mulinipatia jina gani?"

"Jina lilikuwa liko," Mathilde alisema, na akayasikia maneno ya marehemu mumewe yakitoka kinywani mwake. Kwa mara ya kwanza alisikia jinsi yanavyomfikia anayeambiwa.

"Bon." Rolande alivuta pumzi. "Basi siku. Nipatie siku tu. Nilizaliwa tarehe gani?"

Mama akafungua kinywa. Alikumbuka mvua. Alikumbuka mkunga kutoka Fizi aliyekosa jino la mbele, na kwamba asubuhi ile kambi nzima iligawiwa maharage bila chumvi. Huenda ilikuwa Februari. Huenda ilikuwa Aprili. Yeye na Patient walikatazana kuitaja tarehe ile, hata wakiwa wawili kitandani, isije ikawaponyoka mbele ya mtu mwenye kalamu. Waliianza kazi ya kusahau kwa makusudi, na kazi ikajimalizia yenyewe. Tarehe tisa Machi aliikumbuka mpaka dakika.

"Ilikuwa siku ya maharage," alisema.

"Siku ya maharage."

Mlango ukagongwa. Mzee wa hoteli aliingia akitabasamu, na sahani mikononi. Alikuwa ameona tarehe kwenye pasipoti. Juu ya keki ndogo aliwasha mshumaa wenye umbo la tatu na mwingine wenye umbo la sifuri, akasimama kungoja, kwa adabu, mikono nyuma. Rolande alimshukuru kwa Kifaransa kizuri. Kisha akainama na kuzima mishumaa ya mwenzake.

Walikaa siku zote tatu zilizopangwa, maana hakuna aliyejua namna ya kuondoka mapema. Rolande alilala amegeukia mwamba. Mchana alitembea peke yake, akirudi aliuliza kama mama amekula. Ndani ya ndege, mawingu yakiwa yamefunika kila kitu chini, ndipo alipozungumza.

"Nikisema ku commune, kule banaandikaka batu, watakufuata wewe. Nisiposema, nabaki mutu mwingine. Umenirudishia miaka tatu, maman, na siwezi kuitumia fasi yoyote."

"Unisamehe."

"Nitanyamaza," Rolande alisema. "Kama nyinyi."

Jumapili ya kwanza hakuja. Mathilde alijiambia amechoka. Jumapili ya pili alipika sombe na samaki, ikapoa, akaila Jumatatu na Jumanne. Ujumbe alioandika ulisomwa, alama mbili za buluu zilionyesha, na kimya kikaendelea. Katika nyumba ya wazee huko Laeken, alikokuwa akifanya kazi kwa mwaka wa kumi na tano sasa, aliendelea kuwaosha bibi waliojisahau. Kila asubuhi humsaidia mmoja wao kuvaa na kumwambia taratibu, "Wewe ni madame Jeanne," na bibi hufurahi kama aliyeletewa zawadi. Mathilde alikuwa akiipenda kazi hiyo. Sasa akimaliza kusema jina, alikimbilia chooni na kufungua bomba.

Nyumbani alijaribu majina. Akiwa jikoni peke yake alitaja jina la mama yake, jina la shangazi yake, majina mazuri ya watoto wa siku hizi aliyoyasikia kanisani. Aliyatamka kwa sauti, moja moja, akimfikiria binti yake akigeuka. Hakuna hata moja aliloitikia. Kila aliposhindwa, jina lile lile lilirudi ulimini, na pamoja nalo uso mnene wa mtoto wa mwaka mmoja na miezi saba.

Jumapili ya tano, saa saba kasorobo, kengele ililia.

Mathilde alikuwa na mwiko mkononi. Alinyanyua simu ya mlangoni na swali likamtoka kabla hajaliwahi.

"Ni nani?"

Basi lilipita chini, akalisikia lote mpaka likaishia. Baada yake alisikia pumzi, ya mtu aliyesimama karibu sana na kitufe. Aliijua pumzi ile kuliko alivyoijua yake. Alingoja. Angeweza kumsaidia, angeweza kumwita yeye kwanza, lakini kwa jina gani?

Akabonyeza. Chini mlango ulifunguka, kisha akausikia ukijifunga. Mathilde akatoka hadi mbele ya lifti, mwiko ukidondosha sombe sakafuni, akasimama akitazama taa ndogo iliyowaka kwenye sifuri ya ghorofa ya chini, akiingoja ianze kupanda.