Siku Mikate Ilipotoka Bila Yeye

Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke yule aliingia kiwanda cha mikate kabla hakujapambazuka, na wenzake wakamwita Injini. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mashine ikigoma, alikanda kwa mikono. Trei za moto alizibeba mbilimbili, na aliyechelewa alifokewa mpaka akajuta kuzaliwa. Kwake yeye ugonjwa ulikuwa uvivu uliojifunika shuka. Akimwona mtu ameketi, roho ilimchafuka, kama vile huyo mtu amemkalia yeye.

Mdogo wake, mtoto wa mama yake, alikaa peke yake upande wa pili wa mji, katika vyumba viwili. Alishona nguo za watu akijisikia, na asipojisikia alilala. Injini alimwita Goigoi, tena mbele ya wageni, na hata mbele ya mume wa huyo mdogo wake alipokuwa hai.

Kisha unga ukamgeuka Injini. Alianza kwa chafya, kikafuata kikohozi, mwisho akawa anavuta pumzi kwa mlio wa mlango wenye bawaba kavu. Daktari hakumung'unya maneno.

"Vumbi la unga limekuharibu kifua. Ukirudi kule, utakufa. Na hicho chumba chako nyuma ya ghala la unga, hama leo."

Akafunga virago, akahamia kwa Goigoi. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Siku ya kwanza alisugua sufuria zilizokuwa safi. Siku ya pili akafumua pindo la gauni la mteja, akidai limekwenda upande kama mlevi, na kwa kuwa kushona hajui, gauni likabaki linaning'inia. Siku ya tatu mdogo wake alizinduka usingizini akakuta kitanda kimevutwa hadi katikati ya chumba, naye bado yuko juu yake.

"Dada! Unafanya nini?"

"Nafagia uvunguni. Kumeota msitu huku."

"Saa hizi?"

"Watu wenye akili zao wameshamaliza nusu ya kazi."

"Basi nenda kakae na hao wenye akili!"

Injini alitaka kujibu, kikohozi kikamkata kauli. Mdogo wake akamletea dawa ya kuvuta, Injini akausukuma mkono wake. "Usinihudumie. Mimi si mgonjwa wako." Chakula alikula wima, matonge mawili matatu, haraka haraka, kama mwizi anayesikia hatua za mwenye nyumba.

Wiki ya pili akajifunga barakoa mbili, akaondoka bila kuaga. Njia nzima alijiambia kwamba kule kiwandani wamekwama. Alikwisha kuwaona: mikate imeshindwa kuumuka, trei zimeungua, bosi ameshika kichwa.

Alikuta mikate imepangwa safu kwa safu, imeumuka, rangi yake sawasawa. Kwenye meza yake ya kukandia alisimama mwanamume mnene, anakanda huku anapiga mluzi. Anapiga mluzi! Enzi zake nani angethubutu?

"Toka hapo," Injini alisema. "Unakanda au unabembeleza mtoto?"

"Samahani, wewe ni nani?" mkandaji aliuliza, wala hakuwa na ubaya.

Injini akamsukuma kwa bega, akazamisha mikono kwenye donge. Alilikunja mara tatu. Ya nne kifua kikajifunga kabisa, macho yakamtoka, akashika ukingo wa meza. Mkandaji akamkokota hadi nje, akamkalisha kwenye kreti, akachukua simu ya Injini, akampigia mdogo wake Injini. Bosi naye akatoka, akasimama mbali kidogo.

"Nilikwambia usije. Ukinifia hapa, nani atanunua mikate yangu?"

"Nimekuja kusaidia," Injini alihema.

"Kusaidia nini? Siku uliyoondoka tulichelewa robo saa. Kesho yake hatukuchelewa." Akarudi ndani.

Robo saa. Injini alibaki ameyatazama mapaja yake yaliyojaa unga, na kama angekuwa na pumzi angetukana.

Goigoi alifika mbio, jasho linamtiririka, viatu vya jozi mbili tofauti miguuni. Akamwekea dawa mdomoni, akamshika kisogo mpaka pumzi ikarudi. Iliporudi tu, Goigoi akamwaga maneno ya sumu mbele ya wapakiaji wote wa mikate.

"Mjinga mkubwa wewe! Unakuja kufia kwenye unga wa watu!"

"Niache. Utajua nini wewe? Huna unalofanya duniani."

"Sina! Na ninakula, na ninashiba, na silali na aibu. Mume wangu miaka miwili ya mwisho hakuweza hata kushika kijiko. Ulikuwa ukija unamtazama kama gunia lililosahauliwa njiani. Nilikuona, dada. Siku moja nilitaka nikumwagie maji ya moto."

Injini akajipangusa unga mapajani.

"Yule alikuwa mtu mpaka dakika ya mwisho. Nilikuwa nikirudi nyumbani nafurahi kwa sababu yumo. Basi, yumo. Na wewe na ubaya wako wote, leo nimeamka sijakukuta, nikagonga kila mlango wa jirani. Hiyo mikate yako imekuulizia?"

"Nilimtazama hivyo kweli?"

"Hivyo hivyo."

"Sikujua."

"Ulijua."

Walirudi nyumbani mmoja mbele, mwingine nyuma, kama wasiojuana. Wiki nzima walisemezana kwa kubamiza milango. Injini hakugeuka malaika. Bado alikosoa chumvi, na bado vidole vilimwasha kwa kukosa kazi. Lakini mapindo ya nguo za watu hakuyagusa tena, na chakula akaanza kula ameketi, uso ameukunja, mpaka sahani ikaisha.

Alasiri moja alikaa nje kivulini, mikono mitupu. Jirani akapita, akasimama kumsalimu.

"Siku hizi unafanya kazi gani, dada?"

Neno lilimchoma kabla halijatoka. "Sifanyi," alisema kwa ukali, akamkodolea macho, tayari kwa ugomvi.

Jirani alingoja kuona kama kuna maelezo. Hayakuja. Basi akavuta kigoda, akakaa, akaanza kumsimulia habari za jino lake linalouma.