Mlango wa Nyumba ya Mama

Nilikuwa nimeshashuka ghorofa mbili, mfuko begani, kamba za kiatu kimoja zinaburuta, mdogo wangu wa kike aliponiita kutoka juu.

"Kaka! Kama unaondoka, ondoka na mzigo. Nibebee hiki mpaka ukumbi wa maonyesho."

Nilikuwa nimekaa kwake siku tisa, na kwangu mimi siku tisa chini ya dari moja ni kifungo. Lakini mzigo wenyewe ulikuwa kile kitambaa, kimeviringishwa ndani ya shuka, na magoti yake hayataki tena ngazi na mizigo kwa pamoja. Nikangoja. Nikajiambia nitakifikisha, nitakitua, nitashika njia yangu.

Kitambaa kile nilikijua. Siku zote tisa nilimwona akikidarizi dirishani, amekibana kwenye duara la mbao, pua karibu iguse sindano, maana macho yameanza kumkimbia. Miaka mitatu alikuwa nacho. Humo mna nyumba ya mama yetu, kisima, mbuzi wa pembe moja, na gauni la mama la njano kwenye kamba ya nguo. Mdogo wangu anakula kwa mkono wa kulia na kuandika kwa kulia, ila kudarizi anadarizi kwa kushoto. Alifundishwa ameketi uso kwa uso na mama, akawa anafuata mkono ulio upande wake, kama anayejifunza kwa kioo. Ndiyo maana mishono yake yote inalalia upande ambao ya watu wengine hailalii.

Alitaka kitu kimoja tu. Aliniambia siku ya tatu, tena ameinama asinitazame: jina lake liandikwe chini ya kazi ile. Macho yakizima hakutakuwa na nyingine. Lakini binti yake, ambaye ndiye msanii mbele za watu, alikuwa amekataa.

"Alikataa kwa maneno gani?" nilimuuliza.

"Alisema, Mama, watu wanataka hadithi moja, si mbili."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikasema sawa. Si mwanangu?"

Basi tukafika ukumbini. Mpwa wangu alikuwa amejifunga kilemba kikubwa kama tangi la maji, anawasimulia wageni jinsi alivyoteka maji kisimani akiwa mdogo, miguu peku, jogoo wanawika. Mtoto huyu kazaliwa ghorofa ya nne. Mizizi yake iko kwenye chungu kilicho dirishani mwa choo, na ua lenyewe la plastiki. Wageni wakawa wanatikisa vichwa kwa huruma, glasi za juisi mkononi. Mmoja alifuta chozi. Kisima gani kinaliliwa na mtu asiyewahi hata kuinua ndoo?

Kitambaa kikatundikwa. Pembeni yake mwenye ukumbi, ambaye mimi nilimwita Miwani kwa kuwa alikuwa nayo mbili, moja machoni na moja kichwani, akabandika karatasi yenye jina la mpwa wangu. Mimi shule niliionja tu, huku mwaka, kule miezi mitatu, lakini upuuzi nausoma bila kufuata herufi kwa kidole. Karatasi ilisema msanii anarudi kwenye udongo wa utoto wake. Ilisema mlango wa nyumba umewekwa kushoto kwa sababu kushoto ndiko uliko moyo.

Nikacheka kwa pua.

"Mzee, tafadhali," alisema Miwani.

"Tafadhali nini? Nimekohoa."

Ningeondoka hapo. Lakini kati ya wageni alikuwepo bibi mmoja fundi cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, ambaye hakuwa akitikisa kichwa. Alikuwa ameusogelea mshono mpaka akauziba kwa kivuli chake.

"Binti," alisema, "huu mshono sijapata kuuona. Hebu nitilie mitatu hapa nione mkono unavyokwenda."

Miwani akafurahi, akaleta kitambaa kidogo na sindano. Watu wakazunguka. Mpwa wangu akashika sindano kwa mkono wa kulia, akatia mitatu, akajichoma kidole, akatabasamu. Mishono ikalalia kulia. Ya ukutani yote inalalia kushoto.

"Mbona hii imelala kwingine?" aliuliza fundi.

"Inategemea... hisia za siku hiyo," alisema mpwa wangu.

Hapo nikashindwa kujizuia. "Hisia! Nguo ya kuazima haisitiri matako, binti! Muulizeni aliyeidarizi, yule pale nyuma kwenye kiti!"

"Mjomba, umekunywa nini?"

Wote wakageuka kumtazama mdogo wangu. Alikuwa ameushika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili.

"Ni kazi ya mwanangu," alisema. "Msimsikilize. Kaka yangu ni mtu wa njiani."

Ningenyamaza ningekuwa na akili. Lakini nilitaka kushinda.

"Basi nitawapa ushahidi," nikasema. "Mlango huo haukuwa kushoto wala hauna habari na moyo. Ulikuwa kulia! Mimi nilitokea hapo hapo siku niliyoondoka. Huyu alifundishwa kama kwa kioo, kila kitu anakigeuza. Amekosea nyumba ya mama yake mwenyewe!"

Mdogo wangu akasimama. Magoti yale yale.

"Nimekosea nini?"

"Mlango."

"Ulitokea kulia, ndiyo. Ukatoka, hukurudi. Mvua za mwaka uliofuata ukuta huo ukalala chini. Mimi na mama tukaujenga, mlango tukauhamishia kushoto upepo usituletee maji ndani. Udongo niliukanyaga kwa miguu hii. Miaka thelathini mama kapita mlango huo wa kushoto, na ndimo alimotolewa akazikwe. Wewe ulikuwa wapi, kaka? Usiniambie kazi yangu ina kosa! Miaka mitatu naidarizi, hakuna mshono mle niliotia bila kuufikiria mara mbili!"

Miwani akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani.

"Mama," mpwa wangu alinong'ona, "si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana ninyamaze, nikanyamaza. Hatukukubaliana nikosolewe."

Fundi cherehani akacheka peke yake, kicheko kirefu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimewadharau watu wote mle ndani kwa kujitwalia nyumba wasiyoijua. Kumbe nyumba niliyokuwa nikiipigania mimi ilianguka zamani, na hakuna aliyejisumbua kunitafuta aniambie.

Miwani aliandika karatasi nyingine yenye majina mawili, la binti likitangulia. Mdogo wangu akasema ama lake peke yake, ama kitambaa kishuke. Likabaki lake peke yake. Mpwa wangu hakumsemesha kwa miezi minne, kisha wakapatana. Sasa anafinyanga vyungu na kusimulia udongo. Fundi cherehani alikwenda nyumbani kwa mdogo wangu kujifunza mshono ule, akashindwa, akabaki kuwa shoga yake. Ukumbi ulifungwa, siku hizi wanauza vigae. Kitambaa kiko kwenye korido ya ofisi moja, mkabala na lifti. Macho ya mdogo wangu yalizima mwaka uliofuata. Mimi niliondoka siku ile ile kwa basi la kwanza lililokuwa na nafasi, na sasa naishi mji mwingine, nyumbani kwa mjane auzaye mkaa.