Huyu Chura Apite Kwanza

Kila wimbo wa kundi la muziki la binti wa kaka yake ulipopigwa redioni, Shangazi alipunguza sauti akisikia mwimbaji mmoja mwenye sauti ya kukwaruza. “Huyu chura apite kwanza, tumsikie binti wa kaka yangu!”

Sasa binti, ambaye nyumbani huongea kwa kunong'ona, alikuwa amejitoa kundini, na ziara yake ya peke yake ilianzia mjini kwao. Shangazi alikaa kiti cha mbele, hamu imemjaa: ataanzaje bila wenzake?

Taa zikawaka. Binti akafungua kinywa, ikatoka sauti ile ile ya kukwaruza. Shangazi akashika mdomo.

Baada ya onyesho, binti aliuliza, “Shangazi, umenisikia?”

“Leo ndiyo nimekusikia, mwanangu. Na ole wake atakayepunguza redio nyumbani kwangu!”