Mshono wa Dubwana

Habari hii nilipewa na mshonaji mwenyewe, mwaka ule nilipovunjika mguu tukalazwa vitanda jirani, yeye na kifua chake, mimi na plasta yangu. Alisimulia asubuhi, madaktari wakishapita, na hakupandisha sauti hata mara moja.

Alishona nguo kwenye kiwanda cha kutengenezea sinema. Chumba chake kilikuwa na cherehani moja, kioo kirefu na dirisha lisilofunguka. Ukutani ilining'inia ngozi ya dubwana, ya mpira na sponji na manyoya ya bandia. Zipu ingeonekana kwenye picha, kwa hiyo kila asubuhi mtu aliingia ndani ya ngozi akashonewa humo mgongoni, na jioni akafumuliwa. Mkasi wa kufumulia ulikuwa mmoja tu. Mshonaji aliuvaa shingoni kwa utepe.

Aliyekuwa dubwana ni mtoto wa kaka yake, kijana mrefu hata wakamwita Ngongoti. Yeye alimwita mshonaji Shangazi, na kiwanda kizima kikafuata.

Katika sinema ya kwanza dubwana lilifia ndani ya banda linaloungua. Siku ya moto ule mwongozaji, waliyemwita Bosi, alimtuma Shangazi mjini akatafute vifungo. Aliporudi banda lilikuwa majivu, na watu walikuwa wanakula chakula cha mchana. Akaambiwa Ngongoti kapata kazi kwingine, kaondoka. Kisha akaletewa ngozi aitie viraka. Aliigeuza mgongo. Mshono wake ulikuwa mzima, haujafumuliwa hata tundu moja, na ndani mlikuwa na majivu, kama kikombe kimoja hivi.

Bosi alimfuata mpaka kwenye cherehani.

"Shangazi," alisema taratibu, "mshono ni wako."

Wifi yake, mama wa Ngongoti, alipomuuliza habari za mwanawe, Shangazi alijibu kwamba yuko mbali, kazi imembana.

Watu walijaa kuitazama sinema ile, wakataka nyingine. Basi dubwana likafufuliwa. Jumatatu ya kwanza ya sehemu ya pili, saa mbili kasoro asubuhi, Ngongoti aliingia chumba cha kushonea, akaamkia.

Hakuwa na rangi. Midomo kijivu, shati kijivu, na alipofungua mdomo kuomba chai, ulimi nao kijivu. Mara moja moja alikatikakatika kidogo, kama filamu iliyochakaa. Mlinzi wa getini alikuwa ameshamwandikisha. Bosi alichungulia mlangoni, akatazama saa yake.

"Umechelewa."

"Samahani, Bosi."

Mpiga picha alifurahi, maana huyu hakuhitaji poda.

Shangazi alitunga uzi mara nne ukimkataa.

"Shangazi, siku ile ulikwenda wapi?" Ngongoti aliuliza.

"Nilitumwa vifungo."

"Ulivipata?"

"Nilivipata."

"Afadhali," alisema, akageuza mgongo. "Shona polepole, bado panauma. Na safari hii usiende mbali."

Wiki tatu alimshona asubuhi na kumfumua jioni. Kila akisikia viatu vya Bosi kwenye ukumbi, aliushika mkasi shingoni. Ikafika siku ya moto. Banda jipya la mbao lilikuwa limesimamishwa uani, limemwagiwa mafuta.

"Shangazi, kimbia mjini mara moja," Bosi alisema. "Vifungo vimekwisha."

Shangazi aliingiza mkono mfukoni akatoa boksi la siku ile, halijafunguliwa bado.

"Hivi hapa, Bosi."

"Basi kalete uzi."

"Uzi ninao."

"We mama, una nini leo?"

"Miguu, Bosi. Haiendi."

Wala hakusema uongo. Hofu ilikuwa imeikamata miguu yote miwili. Akasimama hapohapo, nje ya mlango wa nyuma wa banda, moto ukawashwa.

Dubwana lilitoka likifuka moshi, na ndani yake sauti ikiita, "Shangazi! Shangazi we!" Shangazi alitia mkasi kwenye mshono, shingoni mwa dubwana, akashuka nao hadi kiunoni. Vidole viwili viliungua, nami nimeviona, havina kucha mpaka leo. Ngongoti akachomoka, kijivu vilevile, akikohoa. Mpishi akamletea maji.

Bosi alikuja mbio.

"Mkono wako umeingia kwenye picha! Dubwana halina shangazi!"

Kisha akatulia. Aliinua ngozi, akautazama mshono uliokatwa.

"Kesho tunarudia," alisema. "Na mambo ya uzi basi. Tutatumia gundi."

Mpiga picha aliuliza gundi gani. Bosi akasema ya viatu, ile ndiyo inayoshika. Watu wakaenda kunawa mikono.

Jioni wawili hao waliongozana hadi nyumbani kwa Shangazi, kwa kuwa Ngongoti hakutaka mama yake amwone na rangi ile. Alitandikiwa mkeka. Miguu ikapita nje ya mkeka, kama zamani.

"Shangazi, gundi inafumuliwaje?"

"Sijui, mwanangu."

"Haya," alisema Ngongoti. Akageukia ukutani, akakatikakatika mara mbili, akalala.

Shangazi aliuvua mkasi akauweka chini ya mto. Akautoa, akauvaa tena. Taa hakuizima. Alikaa akimhesabia pumzi mtoto wa kaka yake, mpaka na yeye usingizi ukamchukua, mkono umefumbata mkasi.