Namba ya Simu ya Mteja

Nusaiba Marijani alilipwa kuandika maelezo ambayo hakuna mteja angeyasoma. Benki yao ndogo, yenye makao yake Sinza, ilikuwa imenunua akili mnemba ya kujibu maswali ya wateja, na mafundi wakaiundia chombo cha kuchota taarifa kwenye kumbukumbu za akaunti. Kazi ya Nusaiba ilikuwa kuieleza akili hiyo kila taarifa ni ya nini na itumiweje. Ikisoma, inatenda. Haiulizi, hainuni, wala haijazii palipopungua. Laiti waume wangekuwa hivyo, alitania siku moja, na ofisi nzima ikacheka isipokuwa mkuu wake, Brightson, ambaye haraka zake zilimnyima hata nafasi ya kucheka.

Alipofika kwenye kipengele cha simu aliandika: “Namba ya simu ya mteja. Majibu yatumwe hapa.” Akapita. Nani angesita hapo? Simu ni simu.

Kabla ya uzinduzi, chombo kilitakiwa kujaribiwa kwa akaunti ya mtu aliyeridhia. Akampigia mama yake, Bi Mauwa, kule Temeke.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekula?”

“Nimekula. Mama, naomba niijaribu ile mashine yetu kwa akaunti yako. Nitaiuliza salio, itakutumia jibu kwenye simu.”

“Haitanikata hela?”

“Haikati.”

“Haya, jaribu. Ila siri yangu unaijua, Nusa.”

Aliijua, tena peke yake. Bi Mauwa alikuwa akiweka akiba ya kachori zake, mwaka baada ya mwaka, apate kujenga vyumba viwili Chamazi, aache kulala sebuleni kwa mwanawe mkubwa, Twalib. Twalib hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mipango: leo kuku wa mayai, kesho bajaji, na kila mpango ulianzia mkononi mwa mama. Ndiyo maana mama alishamwambia hana kitu, na yeye akaamini.

Nusaiba akauliza salio. Kompyuta ikasema jibu limetumwa. Akampigia mama, bado. Akangoja, akapiga tena, bado. Ndipo alipofungua kumbukumbu yenyewe akaitazama ile namba. Ilikuwa ya Twalib.

Akaunti ile ilifunguliwa kupokea kiinua mgongo cha marehemu baba yao, pesa ambazo Twalib alijua zilikwisha zamani. Siku hiyo mama hakuwa na simu, na karani akamuuliza wanavyoulizwa wazee wengi: “Mama, huna mtoto mwenye simu?” Nusaiba mwenyewe, alipokuwa kaunta tawi la Mwananyamala, aliwauliza wazee hivyohivyo, akidhani anawasaidia. Na kwa kuwa mama alikataa ujumbe wa miamala akikwepa makato, namba ya Twalib ilikaa kimya miaka yote hiyo.

Akaufuta mstari wake, akaandika mwingine: “Namba hii huenda si ya mteja. Yaweza kuwa ya mwanawe, mkwewe au jirani. Usitume taarifa yoyote hapa mpaka mteja mwenyewe athibitishe namba yake tawini.”

Brightson aliusoma akasonya. “Sista, hii ni ishu. Nusu ya wateja hawatajibiwa. Wakurugenzi watasema hatuwajui wateja wetu.”

“Si kweli hatuwajui?”

“Kesho tunazindua.”

“Zindueni. Ila maelezo ya mwanzo mie siyatii sahihi.”

Alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi hii mpya, na kodi ya nyumba haisubiri ushujaa wa mtu. Brightson akakuna kichwa, akanuna, kisha, kwa kuwa bila sahihi hiyo chombo hakiruhusiwi kuanza, akanyanyua simu kuwaambia wakubwa kwamba uzinduzi umeahirishwa.

Jumamosi Nusaiba akaenda Temeke. Alimkuta mama uani anamenya viazi.

“Twalib alikuja kukuuliza?”

“Alikuja na simu mkononi. Hakugomba. Angegomba ningemuweza.” Mama hakuinua macho. “Alikaa hapo ulipo, akalia, akasema: Kumbe mama unanificha mie, mie mwanao wa kwanza.”

“Ukamwambiaje?”

“Nimwambieje? Alipokuwa hajui, nilimwambia sina, tukalala wote na amani. Sasa kaona. Kumnyima mtoto kitu alichoona ninacho, Nusa, hayo mie siyawezi. Jumatatu tunakwenda kutoa. Anataka bajaji.”

“Mama, nitazungumza naye. Makosa ni yangu!”

“Utazungumza naye azikatae hela? Nishamkubalia.”

Nusaiba akapiga magoti palepale kwenye maganda. Aliona aibu, na hasira pia, na hakujua hasira ile ampelekee nani. “Nisamehe, mama.”

“Nishakusamehe. Hebu niambie, hayo maelezo yako umeshayatengeneza?”

“Nimeyatengeneza.”

“Kwa hiyo wapo wengine kama mie, na siri zao mashine haitazitoa?”

“Wapo wengi mno. Haitazitoa.”

“Alhamdulillahi,” akasema Bi Mauwa. “Basi wenzangu wamepona.” Akaweka kisu chini, akajifuta uso kwa upande wa kanga, na ndipo machozi yake nayo yakatoka.